Kutafuta nyumba kuzunguka Oxford: anza na zamu ya kazi, bei baadaye

Mtu akishakaa miaka miwili mitatu kwenye chumba cha kupanga kule Cowley, mtaa wa Oxford, iko siku atafungua Rightmove, tovuti ya matangazo ya nyumba, usiku wa manane, aone bei za nyumba za Oxford, kisha aizime simu alale. Mke wangu kafanya hivyo, nami nimefanya. Tulianza kupiga hatua siku tulipoacha kuulizana "tununue ya bei gani?" tukaanza kuulizana "zamu yako inaanza saa ngapi, na basi la kwanza linapita wapi?"

Mwongozo huu ni wa mtu anayefanya kazi Oxford na anataka kununua pa kuishi. Anayetafuta uwekezaji hautamfaa sana.

Kwanza elewa kwa nini bei zimesimama pale zilipo, usije ukasubiri zishuke. Mji umezungukwa na ukanda wa kijani, yaani ardhi ambayo sheria ya mipango miji inazuia isijengwe ovyo. Katikati inapita mito miwili, Thames na Cherwell, na mabonde yake hujaa maji, kwa hiyo napo hapajengwi. Vyuo vya Chuo Kikuu cha Oxford vinamiliki ardhi nyingi. Weka wanafunzi wa vyuo vikuu viwili, hospitali kubwa za Headington, kiwanda cha magari ya Mini pale Cowley, na London iliyo mwendo wa saa moja kwa treni. Watu wote hao wanagombea nyumba za mji mdogo wa wakazi kama 160,000.

Sasa hesabu. Wastani wa bei ya nyumba ndani ya Oxford umekuwa ukicheza kati ya pauni 450,000 na 500,000. Benki kwa kawaida hukukopesha kama mara nne na nusu ya mshahara wa mwaka. Muuguzi anayeanza kazi alikuwa akipata takriban pauni 31,000 mwaka 2025. Wawili wa namna hiyo, mke na mume, watakopeshwa kama 279,000. Wakiwa na kianzio, yaani fedha yao wenyewe ya kutanguliza, cha asilimia 10 watafika 310,000. Ndani ya Oxford fedha hiyo mara nyingi inaishia kwenye fleti. Ukitoka nje ya mji, unaanza kuona nyumba yenye mlango wake na ua wake.

Hatua ya 1: Chora safari kabla ya kuangalia picha

Chukua karatasi. Andika zamu zako zote: ya asubuhi inayoanza saa moja na nusu, ya usiku, ya Jumapili. Jumapili ndiyo mtihani wenyewe, maana treni na mabasi huchelewa kuanza. Halafu uipime miji inayozunguka kwa ratiba hiyo.

Didcot iko kusini, na treni hufika Oxford kwa kama robo saa. Tatizo ni kwamba treni za Didcot zinakwenda London pia, kwa dakika kama 40 zile za haraka, hivyo unashindana na watu wenye mishahara ya London. Bicester ina stesheni mbili. Inayokwenda Oxford ni Bicester Village, ile iliyo karibu na maduka ya nguo za kifahari. Banbury iko kaskazini zaidi, kama dakika 20 kwa treni, na mara nyingi bei zake ni nafuu kuliko za jirani zake. Kidlington iko mlangoni mwa Oxford, karibu na stesheni ya Oxford Parkway iliyofunguliwa mwaka 2015, na bei zake zinaujua ukaribu huo.

Witney na Abingdon ni miji mizuri sana, tena Abingdon iko karibu, ila yote miwili haina treni. Treni za abiria za Witney zilikoma mwaka 1962, za Abingdon mwaka 1963. Ukinunua Witney umeinunua na barabara ya A40 pamoja na foleni yake ya asubuhi. Kaa kwenye basi la saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya Jumanne, ndipo useme unaweza au huwezi.

Usisahau kwamba stesheni ya Oxford iko magharibi mwa mji, na hospitali za Headington ziko mashariki, juu ya mlima. Treni ya robo saa kutoka Didcot inazaa safari ya karibu saa nzima ukijumlisha kutembea, kungoja basi na kupanda kilima. Kwa sababu hiyo mtu wa Headington mwenye gari huenda akafaidi zaidi kutazama Wheatley au Thame, upande wa mashariki, ambako maegesho ya Thornhill yako njiani: unaacha gari unapanda basi. Sisi tulipoteza miezi minne tukitafuta Witney kabla ya kugundua kwamba zamu ya usiku ya mke wangu haipatani na basi lolote la kule.

Utasikia pia habari za reli ya Cowley kufunguliwa tena kwa abiria. Madalali wanaipenda sana habari hiyo. Treni ikianza kupita, vizuri, leo usiilipie.

Hatua ya 2: Nyumba yako ya nyumbani inahesabiwa

Hapa ndipo wengi wetu tunapoumia, na sijui kwa nini halisemwi zaidi misibani na harusini tunakokutana.

Uingereza inatoza ushuru wa stempu kwa mnunuzi. Tangu Aprili 2025, mnunuzi wa kawaida halipi kitu kwa pauni 125,000 za kwanza, hulipa asilimia 2 kwa kiasi kinachofuata hadi 250,000, na asilimia 5 kutoka hapo hadi 925,000. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza anasamehewa hadi 300,000, kisha analipa asilimia 5 ya kinachozidi, mradi bei isipite 500,000. Ikipita, msamaha wote unaondoka.

"Mara ya kwanza" maana yake ni mara ya kwanza duniani. Ukiwa umewahi kumiliki nyumba Mbezi, Nyali au Bujumbura, hata uwe umeirithi kwa babu, hata uwe umeshaiuza, wewe si mnunuzi wa mara ya kwanza. Isitoshe, kama bado unayo na sehemu yako ina thamani ya pauni 40,000 au zaidi, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 100 za Tanzania, nyumba ya Uingereza huweza kuhesabiwa kuwa ya ziada. Ya ziada inaongezewa asilimia 5 ya bei yote.

Tuchukue nyumba ya Didcot ya pauni 325,000. Mnunuzi wa mara ya kwanza atalipa ushuru wa 1,250. Aliyewahi kumiliki na sasa hana, 6,250. Mwenye nyumba nyingine yenye thamani hiyo popote duniani, 22,500. Nyumba ni ile ile, mtaa ni ule ule.

Kuna wanaodhani watakwepa kwa kuandika jina la mke peke yake. Kwa ile nyongeza ya asilimia 5, mke na mume wanaoishi pamoja wanahesabiwa kitu kimoja, kwa hiyo haisaidii. Nyumba uliyorithi na ndugu zako, na fungu lako halizidi nusu, inaweza kuachwa nje ya hesabu hii kwa miaka mitatu tangu urithi. Kiwanja kitupu si nyumba. Lakini jengo lililosimama kwenye lenta huku fundi akingoja hela ya mabati? Mwulize wakili kabla hujajaza fomu, kwa sababu sheria inaweza kulihesabu jengo linaloendelea kujengwa. Na kama hujatimiza siku 183 ndani ya Uingereza katika miezi 12 kabla ya kununua, kuna asilimia 2 nyingine juu yake.

Usidanganye. Ukigundulika ni faini na riba, na kwa sisi wenye viza au maombi ya uraia, doa la kodi si jambo la kuchezea.

Hatua ya 3: Kila pauni iwe na karatasi

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uingereza mali bila daftari hainunui nyumba. Wakili wako anabanwa na sheria za kuzuia utakatishaji fedha, atataka kujua kila kipande cha kianzio kimetoka wapi. Mshahara uliowekwa benki kidogo kidogo hauna shida. Shida inaanza na fedha zetu za kawaida kabisa: zamu yako ya upatu, zawadi za harusi zilizotunzwa bahashani, deni ambalo shemeji amelirudisha kwa taslimu, hela za shamba lililouzwa Muheza zikaletwa na mtu aliyekuwa anasafiri.

Fanya hivi, ikiwezekana mwaka mzima kabla. Fedha zote zipite benki. Upatu uwe na orodha ya wanachama, tarehe na viwango, hata kama ni daftari la mkono, na malipo yaonekane kwenye taarifa ya benki. Ukiuza kitu nyumbani, tunza mkataba wa mauziano na taarifa ya benki iliyopokea fedha, kisha utume kwa njia rasmi inayotoa risiti. Taarifa ya M-Pesa inaweza kuchapwa, ichape. Mzazi au ndugu akikupa fedha, aandike barua kwamba ni zawadi, hataki kurudishiwa, wala hadai sehemu ya nyumba. Naye ataombwa kitambulisho na taarifa zake za benki. Mwandae mapema. Mjomba aliyeko Muscat hatafurahi kuulizwa na wakili asiyemjua ametoa wapi hela yake.

Kwa mwenye umri wa miaka 18 hadi 39 ambaye hajawahi kumiliki nyumba popote, kuna akaunti ya akiba ya Lifetime ISA. Unaweka hadi pauni 4,000 kwa mwaka, serikali inakuongezea robo, yaani hadi 1,000. Iwe imefunguliwa angalau miezi 12 kabla ya kununua, na nyumba isizidi 450,000. Ukitoa kwa sababu nyingine kwa kawaida unakatwa asilimia 25, nawe utapata pungufu ya ulichoweka. Kwa nyumba za nje ya Oxford inafaa sana. Ndani ya mji kikomo kile kinabana.

Hatua ya 4: Jina lako lijulikane

Kabla ya kumwendea mkopeshaji, angalia rekodi zako za mikopo kwa Experian, Equifax na TransUnion. Anwani ziwe sawa kila mahali. Halafu jambo dogo lenye faida kubwa: jiandikishe kwenye daftari la wapiga kura. Raia wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda wanaoishi kihalali Uingereza wanaruhusiwa, kwa kuwa nchi zao ziko Jumuiya ya Madola. Wa Congo na Burundi hawana nafasi hiyo mpaka wapate uraia. Wakopeshaji hulitumia daftari hilo kuthibitisha kwamba upo na unaishi pale unaposema.

Mwenye viza ya kazi anaweza kukopeshwa, ila wakopeshaji wanatofautiana: huyu anataka uwe umekaa nchini miaka miwili, yule anataka kianzio kikubwa zaidi. Nenda kwa mshauri wa mikopo anayetazama soko zima, mwambie aina ya viza yako siku ya kwanza. Waislamu wasiotaka riba wana mipango ya ubia, ambapo taasisi inanunua pamoja nawe na unanunua fungu lake pole pole huku ukilipa pango la lililobaki. Tarajia kuombwa kianzio kikubwa zaidi, kama asilimia 20. Sheria inahakikisha mipango hiyo haitozwi ushuru wa stempu mara mbili.

Usiondoke bila hati ya makadirio ya mkopo, yaani karatasi ya mkopeshaji inayosema huenda akakukopesha kiasi gani. Bila hiyo dalali wa hapa hakuoni.

Hatua ya 5: Kwenda kuiona nyumba

Tofauti moja na kwetu uiweke akilini: dalali hapa analipwa na muuzaji. Hakutozi kitu, na hakufanyii kazi. Tabasamu lake si ushauri.

Kabla ya kwenda, tazama mambo matatu mtandaoni, na mengi ni bure. La kwanza, bei ambazo nyumba za mtaa ule ziliuzwa kweli. Masjala ya Ardhi imeziweka wazi tangu 1995. Bei ya tangazo ni matamanio ya muuzaji, ile ya Masjala ndiyo iliyolipwa. La pili, ramani ya serikali ya hatari ya mafuriko. Osney, New Hinksey, sehemu za Botley na mitaa ya Abingdon iliyo karibu na kijito cha Ock zina historia ya maji. Tuliwahi kuipenda nyumba moja Abingdon mpaka jirani mzee, tukimsalimia tu, akatuonyesha kwa kiganja maji ya Julai 2007 yalipofika ukutani kwake. Nyumba zilizojengwa kabla ya 2009 huweza kupata bima nafuu ya mafuriko kupitia mpango wa Flood Re, lakini zilizojengwa kuanzia mwaka huo hazimo. La tatu, daraja la kodi ya halmashauri na cheti cha nishati, herufi A hadi G. Nyumba ya herufi E yenye kuta za matofali bila nafasi katikati itakula mshahara wako Januari.

Ukifika, nusa. Unyevu una harufu hata ukuta ukipakwa rangi jana. Fungua makabati yaliyoegemea ukuta wa nje, tazama pembe za dari. Uliza umri wa boila. Uliza kama mtaa una maegesho ya vibali, maana mitaa mingi ya Oxford inavyo. Rudi mara ya pili saa ambayo wewe hutoka kazini.

Usizidharau nyumba zilizokuwa za halmashauri, kule Rose Hill, Barton, Wood Farm na Blackbird Leys. Vyumba ni vikubwa, bustani zipo, na kama unataka kubaki ndani ya Oxford ndizo nafasi yako nzuri zaidi. Mkaguzi wa majengo aseme tu imejengwa kwa vifaa gani: baadhi ya nyumba za baada ya vita zilijengwa kwa vipande vya zege vilivyotengenezwa kiwandani, na wakopeshaji wengi huzikataa.

Kwenye mitaa mipya ya Didcot na Bicester, uliza ada ya mwaka ya kutunza nyasi na viwanja vya michezo. Huwa ipo hata nyumba ikiwa yako moja kwa moja. Na fleti karibu zote si zako moja kwa moja: unanunua miaka kadhaa ya kukaa. Ikibaki chini ya 80, kurefusha ni ghali na kuuza ni tabu. Omba hesabu za ada ya huduma za miaka mitatu.

Kama mpango wako ni kupangisha vyumba ili kulipia mkopo, simama kwanza. Oxford, nyumba ya watu watatu au zaidi wasio familia moja inataka leseni, na kuigeuza ya familia kuwa ya namna hiyo kunataka pia kibali cha mipango miji. Unaweza kuishi humo na wapangaji wawili bila kuingia kwenye mtego huo, na pauni 7,500 za kwanza za pango kwa mwaka hazitozwi kodi. Mwulize mkopeshaji naye akubali.

Hatua ya 6: Ofa, na miezi ya wasiwasi

Ofa ikikubaliwa, hujapata kitu. Uingereza neno la muuzaji halimfungi mpaka mbadilishane mikataba iliyotiwa saini, na hapo katikati anaweza kumpa mwingine aliyeongeza dau. Ilitutokea. Mkaguzi tulikuwa tumeshamlipa, na dalali alitupigia simu kama mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa. Tangu siku hiyo, kila ofa tuliyoandika ilikuwa na sharti kwamba tangazo liondolewe.

Ofa yako ieleze nguvu zako: hati ya mkopo ipo, wakili yupo, huna nyumba ya kuuza. Hilo la mwisho lina thamani, kwa sababu wauzaji wengi wamo kwenye mnyororo, kila mmoja akingoja mwenzake auze, na asiye na nyumba ya kuuza haukatishi.

Tenga pauni 1,500 hadi 2,500 za wakili na upekuzi wake, na mamia kadhaa ya mkaguzi. Ukaguzi wa benki ni wa benki; wewe lipa wako, wa ngazi ya 2 kwa nyumba ya kawaida na wa ngazi ya 3 kwa nyumba kuukuu. Ripoti itakutisha, zote zinatisha. Soma yaliyotiwa rangi nyekundu, mpigie mkaguzi simu umwulize angekuwa yeye angenunua au la, halafu utumie gharama za matengenezo kuomba bei ipunguzwe. Miezi mitatu hadi mitano ya kungoja ni kawaida. Mpigie wakili kila wiki, kwa adabu.

Hatua ya 7: Mikataba na funguo

Siku ya kubadilishana mikataba unalipa kianzio, mara nyingi asilimia 10 ya bei, na ukijitoa baada ya hapo unakipoteza. Bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo, hata kama funguo utapewa wiki mbili baadaye.

Kabla ya kutuma fedha, mpigie wakili kwa namba uliyoichukua ulipokutana naye, akusomee namba ya akaunti. Ikija barua pepe kusema akaunti imebadilika, ichukulie kuwa ni ya wezi. Watu wamepoteza akiba za maisha yao kwa barua pepe moja.

Siku ya funguo, usianze na makochi. Piga picha mita za umeme, gesi na maji. Tafuta bomba la kufungia maji ya nyumba nzima. Letu lilikuwa chini ya sinki, nyuma ya ndoo tatu za rangi. Mwite fundi abadilishe vitasa. Iarifu halmashauri, na kumbuka kwamba Didcot na Abingdon hazimo kwenye halmashauri ya Oxford. Kisha weka saa ya kuamkia kwa zamu ya kesho, na uongeze dakika 20.